Bidhaa na Dawa za Madukani katika Nchi ya Wamwera Wakati wa Ukoloni

Anayesafiri kutoka Lindi kwenda Nachingwea, kisha akaishika njia ya Ruangwa mpaka Mandawa, hupita katika nchi iliyoandikwa sana kwa habari za vita na za mashamba makubwa, lakini kidogo mno kwa habari za maduka yake. Hata hivyo, kwa muda wa takriban miaka 70 ya utawala wa kigeni, duka ndilo lililokuwa uso wa ukoloni ulioonwa na watu wengi kila siku. Bwana Shauri alipita mara moja kwa mwaka, au asipite kabisa. Karani wa kodi alikuja kwa msimu wake. Bali duka lilikuwa wazi asubuhi na jioni, na ndani yake mlikuwa na chumvi, nguo, sindano, viberiti, mafuta ya taa, na pembeni, juu ya rafu au ndani ya kasha la mbao, vikopo vya dawa.

Mandawa tunayoizungumza hapa ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, wala si Mandawa ya Kilwa ambayo msomaji pengine ameisikia zaidi. Ruangwa yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea mpaka 1995, ilipofanywa wilaya ya peke yake. Ni nchi ya Wamwera, waliochanganyika kwa ndoa na ujirani na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Mji wa biashara ulikuwa Lindi, na baadaye, kwa kishindo cha miaka michache tu, ukawa Nachingwea. Vijiji vya bara kama Mandawa ndivyo vilivyokuwa mwisho wa safari ya bidhaa. Na mahali bidhaa zinapoishia ndipo panapofaa kuulizwa swali tunalolikabili katika makala haya: watu walipoanza kununua dukani nguo ya kuzikia wafu wao na dawa ya kuponyea watoto wao, ni kitu gani kilichobadilika katika utamaduni wao, na ni kitu gani walichokataa kibadilike?

Yafaa ieleweke kwanza kwamba biashara haikuletwa na Wadachi. Karne ya 19 ilipokuwa katikati, misafara kutoka bara ilikuwa ikiteremka Kilwa Kivinje na Lindi ikiwa na pembe za ndovu, nta, sandarusi, na watumwa. Hatuwezi kuipamba biashara hiyo. Kilwa Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa katika pwani yote ya Afrika Mashariki, mpaka Sultani Barghash wa Unguja alipolazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa 1873 wa kupiga marufuku usafirishaji wao baharini. Baada ya hapo wafanyabiashara wa pwani waliongeza nguvu katika mpira wa porini, sandarusi na nafaka.

Sandarusi inatufundisha jambo. Ni utomvu wa kale wa mti, uliogeuka mgumu ardhini, na wazee walikuwa wakiufukua kwa majembe baada ya mvua. Ulinunuliwa kwa nguo, ukapelekwa Unguja, na kutoka huko merikebu za Wamarekani wa mji wa Salem zikauchukua kwenda kusafishwa na kufanywa vanishi ya kung'arishia samani. Merikebu hizo hizo, hasa baada ya mkataba wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, ndizo zilizoleta kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, ambacho mpaka leo twakiita merikani. Basi mtu wa bara alikuwa akichimba utomvu ili ukapendezeshe meza ya mtu asiyemjua, naye akarudishiwa kitambaa kilichofumwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka, 1861 hadi 1865, merikani iliadimika, na vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vikachukua nafasi. Lakini jina halikubadilika. Jina la bidhaa likishaingia katika lugha yetu, hukaa hata bidhaa yenyewe ikitoka nchi nyingine.

Shanga nazo zilitoka Venice na kwingineko Ulaya, na hapa mfanyabiashara hakuwa bwana. Rangi na ukubwa wa ushanga uliopendwa mahali fulani mwaka huu, mwaka ujao ulikataliwa, na aliyebeba mzigo wa rangi isiyotakiwa alirudi nao. Wasafiri wengi wa Kizungu wa karne ile walilalamika sana kwa jambo hili, wakaliita ukaidi. Sisi twaona kwamba ni ushahidi mzuri wa mnunuzi anayejua anachokitaka.

Wadachi walipofika mwishoni mwa miaka ya 1880 waliyakuta mambo haya yote. Walichokibadili wao ni masharti. Machemba, mkuu wa Wayao katika uwanda wa Makonde, aliandika kwa Kiswahili mwaka 1890 kumjibu von Wissmann kwamba urafiki yuko tayari nao, lakini utii hapana. Mwaka 1899 akalazimika kukimbilia upande wa Wareno, ng'ambo ya Ruvuma. Baina ya miaka hiyo miwili, mwaka 1898, ilianza kodi ya nyumba: rupia 3 kwa nyumba za mashambani. Kodi hii, zaidi ya tamaa yoyote ya nguo au shanga, ndiyo iliyoifanya fedha kuwa kitu cha lazima katika nyumba ya mkulima. Awali rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaamuru iwe heller 100, na mtu aliyekuwa amejifunza hesabu moja akabidi ajifunze nyingine mbele ya meza ya mwenye duka.

Wenye maduka walikuwa Waarabu, Washihiri, na kwa wingi Wahindi: Mabaniani, Mabohora na Makhoja. Waliufuata ulinzi wa boma na njia mpya kuingia bara. Walinunua mpira uliofungwa madonge, nta, ufuta na mtama, wakauza nguo, chumvi, majembe na baruti, ijapokuwa baruti ilidhibitiwa sana baada ya Mkataba wa Brussels wa 1890. Udanganyifu ulikuwa pande zote mbili, na si haki kuuficha upande wetu. Ndani ya donge la mpira mlitiwa mchanga au jiwe ili lilemee mizani. Nayo mizani ya mnunuzi ilikuwa na maradhi yake.

Vita vya Maji Maji vilipoanza Julai 1905 katika milima ya Wamatumbi, chimbuko lake lilikuwa pamba ya kulazimishwa, na baada ya muda mfupi wapiganaji walishuka Samanga, wakaiharibu pamba na kituo cha biashara kilichokuwapo. Mwezi wa Agosti vita vilikwisha kuenea mpaka Liwale na nchi ya Wamwera, na misheni ya Nyangao ikachomwa. Mambo haya yameelezwa mara nyingi. Linalotuhusu hapa ni dawa yenyewe. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalikuwa maji yaliyochanganywa na vitu vya nyumbani: mafuta ya mbarika na punje za nafaka. Hapakuwa na kitu cha dukani ndani yake. Katika nchi ambayo tayari watu walivaa nguo ya dukani na kutia mboga chumvi ya dukani, dawa iliyokusudiwa kuwaunganisha makabila na kuwafukuza wageni ilitengenezwa kwa vitu ambavyo hakuna mgeni aliyeweza kuvipima wala kuvinyima. Hatudai kwamba Kinjikitile alikusudia hivyo. Twasema tu kwamba ndivyo ilivyokuwa. Yeye alinyongwa mapema Agosti 1905. Na baada ya vita ikaja njaa iliyosababishwa na majeshi ya Wadachi kuchoma vyakula makusudi. Serikali yao ilikiri vifo 75,000; wanahistoria waliochunguza baadaye wametaja 250,000 hadi 300,000.

Baada ya njaa ile duka lilirudi, na safari hii liliwakuta watu wachache zaidi na maskini zaidi. Ni katika kipindi hicho, cha mwisho wa Wadachi na mwanzo wa Waingereza, ambapo Uislamu ulienea kwa kasi katika bara ya Lindi, ukifuata njia za wachuuzi na masheikh wa tarika. Pamoja nao zikaja haja mpya: kanzu, kofia, ubani, marashi, na bafta ya sanda.

Sasa tuitazame ile rafu ya dawa, kwa kuwa ndiyo iliyosahauliwa zaidi na waandishi wetu. Duka la bara halikuwa na mfamasia. Mwenye duka, au mara nyingi mkewe, alivijua vitu vyake kwa harufu na rangi, akavipima kwa kijiko au kwa uzito wa sarafu, akavifunga katika kipande cha gazeti. Kulikuwa na mvuje, ule utomvu wenye harufu kali utokao Uajemi na Afghanistan na kupitia Bombay. Mvuje ulifungwa katika kitambaa na kuvishwa mtoto shingoni au mkononi kumkinga na degedege na na kila kinachotembea usiku. Kidogo chake kilichomwa ili moshi wake uzunguke nyumba. Kulikuwa na ubani wa Somalia na Dhofar. Kulikuwa na shubiri, chungu kama jina lake, iliyosifika kutoka kisiwa cha Sokotra, na mama aliyetaka kumwachisha mtoto ziwa aliipaka chuchuni. Sanamaki na haluli zilikuwa za kusafisha tumbo. Habasoda, uwatu, tangawizi kavu, karafuu ya Unguja na Pemba, mdalasini, kungumanga na manjano viliuzwa jikoni na kitandani kwa wagonjwa bila mpaka wowote, maana mama aliyevinunua hakutenganisha chakula na tiba.

Halafu kulikuwa na madini. Shabu, jiwe jeupe lenye kukunja ulimi, lilisimamisha damu ya jeraha dogo na kutuliza vidonda vya kinywa. Mrututu, jiwe la buluu, ulisagwa na kunyunyizwa juu ya donda ndugu ili uchome nyama iliyooza. Uliuma sana, na kwa sababu uliuma uliaminika. Mrututu ukimezwa ni sumu, nao ulikaa rafu moja na sukari guru. Kiberiti upele, yaani kiberiti cha unga wa manjano, kilichanganywa na mafuta na kupakwa mwilini kwa upele. Na hapa tunauona mkono wa mwenyeji, kwani mafuta yaliyotumika mara nyingi yalikuwa ya ufuta aliokamua mwenyewe nyumbani. Alikuwa ameuza ufuta gunia zima dukani kwa bei ya mnunuzi, akabakiza kibaba kimoja. Na kibaba hicho ndicho kilichoifanya dawa ya dukani iwe yake. Kafuri ya Mashariki ya Mbali ilikaa pamoja na nguo za maiti. Wanja ulipakwa macho kwa urembo na kwa maradhi pia.

Wako wanaodhani kwamba duka lilimfukuza mganga. Kwa kadiri tunavyoyaelewa mambo, lilimtumikia. Mganga wa bara alijua miti, mizizi na majani yake, na elimu hiyo hakuna Mhindi wala Mwarabu aliyeweza kuiuza. Lakini tiba nyingi, hasa za pepo na za mizimu, zilitaka nguo tatu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyeupe ilikuwa merikani au bafta. Nyeusi ilikuwa kaniki. Nyekundu ilikuwa kile kitambaa kiitwacho bendera. Zote tatu zilitoka dukani, pamoja na ubani wa kuchoma na marashi ya kunyunyiza. Mganga aliagiza, jamaa wa mgonjwa wakaenda dukani. Serikali ya Kiingereza ilipotunga Sheria ya Uchawi ya 1928, na mtu akaweza kushitakiwa kwa kukutwa na vyombo vya uchawi, mganga akawa na sababu ya kufanya kazi yake faraghani. Mwenye duka aliyeuza kaniki, bendera na ubani kwa kazi ile ile hakuwa na la kuogopa. Hili nalo ni jambo la kutafakariwa: kitu kile kile kikiwa mkononi mwa mmoja ni bidhaa halali, kikiwa mkononi mwa mwingine ni ushahidi.

Dawa za Kizungu zilikuja kwa mlango mwingine. Misheni ya Ndanda, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1906, ilikua ikawa kituo kikubwa cha tiba katika kusini yote, na watu walitembea kwa siku nyingi kuifikia. Katika miaka ya 1920 serikali ilipiga sindano za buba, na watu walizikimbilia kwa maelfu, kwa kuwa vidonda vya buba vilikauka mbele ya macho yao. Sindano ikapata heshima ambayo haijapungua hata leo. Mgonjwa anayepewa vidonge peke yake bado huhisi kwamba hakutibiwa sawasawa. Duka halikuuza sindano. Liliuza kwinini ilipopatikana, na baadaye vidonge vya Aspro, mafuta ya Vaseline, na dawa za kikohozi za chupa. Mwenye duka akajifunza kuvipanga vitu hivi mbele, na mvuje na shubiri akavisogeza nyuma, ingawa vya nyuma ndivyo vilivyotoka zaidi.

Habari ya nguo ni ndefu, na tutaigusa pale tu inapohusu maisha ya mila. Katika nchi ya Wamwera, kama kwa jirani zao wote wa kusini, mavuno yakiisha huja jando na unyago. Wali wanaotoka porini au nyumbani walikofichwa hutoka wakiwa wamepakwa mafuta na kuvikwa nguo mpya. Desturi hii ni ya kale kuliko duka. Zamani nguo mpya ilikuwa ya magome ya miti. Lakini duka lilipoikuta liliifanya kuwa msimu wake. Kanga, iliyozuka pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikawa haikosekani: doti kwa mwali, doti kwa somo wake, doti kwa mama. Hapo ndipo baba wa mwali alipoingia katika daftari.

Daftari tunaliona kuwa chombo cha kikoloni kuliko hata bunduki. Mkulima alichukua nguo mwezi wa unyago, akaandikwa. Msimu wa ufuta ukifika, akaleta ufuta kulipa. Bei ya nguo ilipangwa na mwenye duka siku ya kukopesha, na bei ya ufuta ikapangwa na yeye yule siku ya kulipa. Kipimo nacho kilikuwa chake. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na pishi ni vibaba vinne, lakini kibaba cha kununulia na kibaba cha kuuzia havikuwa lazima viwe ndugu. Nguo ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na ikaachwa kwa msomaji kubuni mkono wa nani ulitumika. Watu wa bara walikuwa na dawa yao kwa hilo: walikwenda dukani na mjomba mrefu.

Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika, kwa maneno ya kuwalinda. Tokeo lake lilikuwa kwamba Mwafrika aliyetaka kufungua duka hakupata mtaji wala bidhaa kwa mali kauli, wakati mikopo midogo ya kijijini iliendelea kimya kimya kwa kuaminiana na kwa rehani. Mwaka 1923 wafanyabiashara Wahindi wa Tanganyika walifunga maduka yao kwa majuma kadhaa kupinga sheria mpya za leseni na kodi, pamoja na sharti kwamba hesabu ziandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili badala ya Kigujarati. Tunaelewa uzito wa sharti hilo kwa mtu ambaye hesabu za baba na babu yake ziliandikwa kwa Kigujarati. Lakini mkulima aliyekuwa akidaiwa hakuweza kusoma deni lake kwa maandishi yoyote kati ya hayo, na hakuna aliyefunga kitu kwa ajili yake.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumchora kila mwenye duka kuwa mnyonyaji na kuishia hapo. Mhindi wa duka la kijijini mara nyingi alikuwa mwenyewe mdaiwa wa tajiri wa Lindi, naye wa Lindi mdaiwa wa Dar es Salaam au Bombay. Alilala nyuma ya rafu zake pamoja na watoto wake, akaugua homa ile ile, na wengine walijua Kimwera vizuri kuliko sisi tulioandika makala haya. Kamba ya unyonyaji ilikuwa ndefu, naye alikuwa fundo moja karibu na mwisho wake. Mkulima ndiye aliyekuwa mwisho wenyewe.

Vita vikubwa viwili vilionyesha jinsi kamba hiyo ilivyoweza kukatika ghafula. Mwaka 1914 manowari za Kiingereza zilipoifunga pwani, maduka ya Wadachi na ya Wahindi yaliishiwa. Chuo cha utafiti cha Amani katika Usambara, kilichoanzishwa 1902, kikageuzwa kiwanda cha vitu vya vitani, kikatengeneza sabuni, na kwinini kwa magome ya miti iliyopandwa huko. Kwinini ile ilikuwa ya jeshi; mwanakijiji hakuiona. Nyumbani watu walirudia nguo za magome na chumvi ya majivu. Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, katika njia hiyo hiyo ya Lindi kuelekea bara, katika mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya vita vile katika Afrika Mashariki, na waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa watu wetu. Waingereza walipotawala, noti za muda za Wadachi zikabaki karatasi mikononi mwa waliozipokea kwa jasho. Shilingi ilikuja 1921.

Katika miaka ya 1930 nguo za Kijapani zilijaa, kwa kuwa zilikuwa rahisi kuliko za Lancashire na mikataba ya kimataifa haikuwaruhusu Waingereza kuzitoza ushuru wa upendeleo katika nchi hii. Maskini wengi walimudu kuvaa kwa sababu yake. Desemba 1941 Japani ilipoingia vitani zikatoweka. Mwaka uliofuata Wajapani wakaiteka Java, iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa mno ya kwinini yote ya dunia. Hivyo mwanakijiji wa Mandawa alikosa doti ya mwali na kidonge cha homa kwa sababu moja, na sababu hiyo ilikuwa upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Nguo ziligawiwa kwa kipimo, na zilizobaki ziliuzwa kwa mlango wa nyuma.

Halafu ukaja mradi wa karanga. Mpango uliotangazwa na serikali ya Uingereza mwaka 1946 ulikuwa wa mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 kati yake yakiwa Tanganyika, na 55 katika Jimbo la Kusini. Nachingwea, mahali palipokuwa msitu na vijiji vichache, pakachorwa kuwa mji. Reli kutoka hori la Lindi ilifika mwaka 1949, na bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikajengwa. Matrekta yaliletwa, na pamoja nayo maelfu ya vibarua wenye mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo bara hii haikupata kuliona. Maduka yakafuata harufu ya mshahara. Baiskeli, kandili, mabati, sufuria za alumini, kofia, miwani ya jua, sigara za pakiti, sabuni zenye manukato, na dawa za chupa zenye picha ya mtu mwenye misuli. Yai moja na kuku mmoja vilipanda bei mpaka wenyeji wakashangaa, na aliyekuwa na shamba karibu na kambi akawa muuzaji kwa mara ya kwanza badala ya kuwa mnunuzi daima.

Karanga hazikukubali. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 36. Vibarua wakaondoka, na mwenye duka aliyejaza rafu zake kwa matumaini akabaki na miwani ya jua ambayo mkulima wa mtama hakuwa na haja nayo. Reli ilijikokota mpaka mapema miaka ya 1960, ikang'olewa. Kilichobaki ni mji na majengo, na uwanja ambao baadaye, kuanzia miaka ya 1960, FRELIMO walipewa kwa mafunzo ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Korosho zikachukua nafasi ya karanga katika hesabu za wafanyabiashara, zikisafirishwa zikiwa na maganda yake kwenda India kubanguliwa.

Baada ya Uhuru yaliyofuata ni historia ya vyama vya ushirika, ya vijiji vya ujamaa, na ya Operesheni Maduka ya 1976, ilipoamriwa maduka ya watu binafsi yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji. Nia ilikuwa kulikata fundo la mwisho la ile kamba. Maduka mengi ya kijiji yalifunguliwa kabla ya kuwa na bidhaa, na miaka ya mwanzo ya 1980 sabuni, sukari na kanga viliadimika nchi nzima, kiasi kwamba unyago uliahirishwa mahali pengine kwa kukosa doti. Wakati huo huo serikali ilikuwa imekwisha kuanza, mwaka 1974, kitengo cha kuchunguza dawa za asili hapo Muhimbili, na mwaka 2002 Bunge likatunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, iliyompa mganga njia ya kusajiliwa.

Katika miaka ile ya uhaba jambo moja lilionekana ambalo halikuandikwa katika ripoti yoyote ya biashara tunayoifahamu. Aspro hazikuwapo, nguo hazikuwapo, hata viberiti vilihesabiwa kwa njiti. Mvuje ulikuwapo. Uliingia kwa majahazi, kwa mifuko ya wasafiri, kwa pindo za kanga, ukauzwa vipande vidogo kuliko ukucha juu ya mkeka, mara nyingi na bibi mzee asiye na leseni wala rafu. Na vipande hivyo vingali vikiuzwa katika masoko ya Nachingwea na Ruangwa, karibu na shabu na ubani, vimefungwa katika mifuko midogo ya plastiki mahali pa gazeti. Na mama anayenunua bado hukinusa kwanza kipande chake kabla ya kutoa fedha.